Mchanyato wa Maili Moja

Mke wangu Yosefina alikuwa na ugonjwa ambao sikuwahi kuutafutia dawa. Hakuweza kumwona mtu anapita barabarani na chombo cha muziki akamwacha aende zake. Iwe zeze, iwe marimba, iwe hata filimbi ya mchunga ng'ombe, angemwita, angemketisha kwenye benchi la mgahawa wetu pale Maili Moja, angemtilia chai, kisha angemwambia, "Haya, tupigie kidogo kabla hujaondoka." Nilinung'unika juu ya chai hizo miaka yote ya ndoa yetu. Leo hayupo, na ndipo ninaona kwamba kunung'unika kule kulikuwa sehemu ya raha yangu.

Niseme mapema kwamba mimi sina sikio la muziki. Mimi ni fundi wa malori, Mluguru wa Matombo, na nilikuja Kibaha muda mfupi baada ya Uhuru kufanya kazi kwenye gereji iliyokuwa ikitengeneza malori ya ushirika. Injini ikikohoa nitakwambia inaumwa wapi. Lakini muziki, kwangu, ulikuwa wa aina mbili tu: unaoninyima usingizi na usioninyima. Yosefina yeye alikuwa Mzaramo wa Maneromango, binti wa Mzee Lucian, mzee wa kanisa la Kilutheri. Na watani zangu hawa Wazaramo mnawajua. Mdundiko ukipita njiani mtu anaacha chungu jikoni, mchuzi uungue, yeye anaifuata ngoma mpaka kijiji cha pili. Yosefina alikuwa wa damu hiyo hiyo, ila kwa kuwa alikulia misheni, alikuwa ameongezewa nyimbo za kitabu kwa sauti zote nne. Vitu hivyo viwili vilikaa ndani ya kichwa kimoja wala havikugombana.

Miaka ile baada ya Azimio la Arusha kila bendi ilikuwa na mwenyewe. Hii ya jeshi, ile ya shirika, nyingine ya chama. Wapigaji walikuwa na mishahara na sare, na redioni walitangazwa kwa jina la mwajiri wao. Ni muziki mzuri, sisemi vibaya. Mke wangu aliusikiliza jioni nzima huku akisonga ugali. Lakini alikuwa akisema kwamba waliobaki njiani, wasio na mwajiri, ndio wanaopiga kitu ambacho hujakisikia jana. Basi akawa anawawinda hao.

Siku aliyowapata wale aliokuwa akiwatafuta bila kujua, mvua ya masika ilikuwa inanyesha. Lori la korosho kutoka Maneromango lilikuja gereji kwetu na gia imeng'ang'ania, na kutoka juu yake akashuka kijana mrefu, mwembamba, amefunga kitu kwenye gunia kama mtu anayeficha jogoo wa wizi. Alikuwa Hilario, mpiga tarumbeta wa kanisa la kwao. Wazee walimtuma alipeleke tarumbeta lao Dar es Salaam kwa fundi, maana kibonyezo kimoja kilikuwa kimekwama. Yosefina alikuwa akimfahamu tangu akiwa mtoto. Alilifungua gunia, akalitazama lile tarumbeta, kisha akaniita.

"Baba Paskalia, hebu liangalie hili."

"Mama Paskalia, mimi natengeneza malori."

"Na hili lina bomba linapitisha hewa. Tofauti yake nini?"

Ubishi naye haukuwahi kunifaa. Nilikifungua kile kibonyezo, nikakisafisha kwa mafuta ya taa, nikakidondoshea mafuta ya cherehani, kikawa kinateleza vizuri. Hilario akalijaribu pale pale chini ya paa la mgahawa. Akapiga wimbo wa kanisani, wa polepole, wenye kutembea kwa heshima. Kwenye benchi la pili alikuwa ameketi Matano, mpiga ngoma wa Misugusugu, Mwislamu mtaratibu aliyekuwa akingoja mvua ipungue aende kwenye shughuli yake. Ngoma ilikuwa katikati ya magoti. Nadhani alianza kwa mzaha tu, kwa ncha za vidole, akiweka mdundiko chini ya ule wimbo. Hilario alimkata jicho. Matano akaendelea, anatabasamu. Baada ya muda nikaona mguu wa Hilario unaanza kumsaliti mwenyewe.

Yosefina alikuwa jikoni, anapika mchanyato wa muhogo na ndizi mbichi kwa tui la nazi. Akatoka na mwiko mkononi, tui linamdondokea kwenye kanga.

"Hapo hapo," akasema. "Rudieni mlipoanzia."

Wakarudia. Mimi nilisikia tarumbeta na nikasikia ngoma. Yeye alisikia kitu cha tatu, na nilikiona usoni pake. Alisimama pale mpaka chakula kikashika chini, na dereva mmoja aliyekuwa anangoja sahani yake akasema kwamba leo mchanyato umehamia barazani. Jina likabaki hilo.

Hilario hakufika Dar es Salaam. Tarumbeta lilikuwa limepona, na yeye akapata kibarua cha ujenzi hapa Kibaha. Wazee wa kanisa, Mzee Lucian akiwa mbele yao, walimruhusu akae nalo afanye mazoezi, kwa sharti kwamba kila sikukuu arudi nalo nyumbani. Jioni akitoka kazini, alikutana na Matano uani kwetu. Kisha Yosefina akaenda arusi Kisarawe mjini na kurudi amejaa habari za Biubwa, mwanamke aliyekuwa akiimba kwenye arusi na maulidi, mwenye sauti ya kuvuta, inayopita puani kidogo kabla haijakufikia.

Biubwa alipoletwa akasikia mambo yenyewe, alikataa. "Dada Yosefina, mimi niimbe na tarumbeta la kanisani? Kisarawe nzima itanicheka."

"Watacheka wiki moja. Ya pili watacheza."

Ikawa hivyo. Sitajaribu kuwaeleza ulikuwa muziki gani, maana nitawadanganya. Tarumbeta lilikwenda kikanisa, ngoma ikaenda kimdundiko, na juu yao Biubwa akaimba kama yuko kwenye arusi ya pwani, na badala ya kupigana wakawa wanapishana kama watu waungwana mlangoni. Bwana mmoja wa utamaduni alikuja kuwasikiliza. Alipenda, akatikisa kichwa, akauliza: hii ni kwaya, ni dansi au ni ngoma ya asili? Alitaka kuwapeleka kwenye sherehe ya Sabasaba lakini hakujua awaweke zamu ipi. Yosefina akamwambia awaweke wakati wa chakula. Yule bwana aliondoka na hakurudi.

Mke wangu hakutaka utajiri kwa watu wale, wala hakutaka redio. Aliniambia mara nyingi tukiwa tumekaa tunapembua mchele. Alitaka muziki ule usiishie kwa hao watatu. Alitaka siku moja upigwe na watu wasiowajua hata majina, katika mahali asipokuwepo yeye. "Ukifika hapo, Baba Paskalia, hautakufa tena." Mimi nilimjibu kwamba hata gari likiwa na madereva watatu huisha mafuta. Alinirushia kapi la mchele.

Sasa nifike kwenye mkosi. Mwanajuma, mama mmoja wa Misugusugu, alikuwa anamtoa mwali. Mnajua shughuli ya Wazaramo kumtoa mwali: binti amekaa ndani, amefundwa, siku ya kutoka anabebwa mabegani, amepambwa, na kijiji kizima kinamfuata kwa ngoma. Mwanajuma alikuwa amesikia habari za mchanyato, akataka hao hao. Ilikuwa shughuli yao ya kwanza kubwa. Hilario, maskini, alikuwa hajui nyimbo zozote isipokuwa za kitabu, na katika hizo zote ule uliokaa juu ya mdundiko kuliko nyingine, ule ambao hatua zake zilimwingia Matano kwenye mikono bila kusukumwa, ulikuwa wimbo wa kuzikia. Hakuona ubaya. Kwake ulikuwa sauti tu. Wenyeji wote Waislamu, hakuna aliyeujua.

Ngoma ikatoka. Mimi nilikuwepo, na hata mimi nilitingisha bega, Mungu anisamehe. Mwali yuko juu, akinamama wanapiga vigelegele, tarumbeta linalia, Biubwa amefumba macho anaimba. Tulipofika penye kona ya barabara, palikuwa na familia moja ya Maneromango wakisubiri gari na mizigo yao. Waliposikia ule wimbo, mzee wao akavua kofia. Mkewe akatua mzigo kichwani, akajifunika kanga mabegani. Watoto wakasimamishwa wima. Sisi tunakaribia tunacheza, wao wameinamisha vichwa. Yule mzee akaniuliza kwa sauti ya msiba, "Pole, bwana. Ni nani aliyefariki?"

Kisha aliinua macho akamwona mwali mwenyewe, mzima, anang'aa mafuta, amebebwa juu ya mabega ya mjomba wake, na akaelewa.

Mwanajuma alipata habari kesho yake. Akaja mgahawani na shoga zake wawili, hawakukaa. "Yosefina, mimi nimekuita unitolee mwanangu, wewe umemzika?" Yosefina alimwomba radhi mpaka akachoka, akachinja jogoo, akaenda mwenyewe Misugusugu kuomba dua isomwe. Mwanajuma alikuwa mtu wa kusamehe, na binti yake, niseme tu, alikuja kuzaa watoto wanne wenye afya. Huko kuliisha. Upande wa pili ndiko kulikowaka moto. Ile familia ilifika Maneromango, na kwenye barabara zile mbovu habari ndicho kitu pekee kisichokwama.

Mzee Lucian alikuja mwenyewe. Alishuka kwenye lori la ushirika na koti lake la Jumapili, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tukamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitika "Marahaba" kwa sauti ya chini, akaketi kwenye benchi la nje. Yosefina akamletea chai na muhogo wa kuchemsha. Hakuvigusa. Alivitazama kama vimewekwa pale kwa ajili ya mtu mwingine. Baba kukataa chakula cha binti yake, nyumbani kwa binti yake, mbele ya mkwewe: kama hujapata kuliona jambo hilo usiombe kuliona.

"Nimekuja kuchukua tarumbeta," akasema.

"Baba, wasikilize kwanza. Mara moja tu. Wapo hapa uani."

"Nimesikia habari yake. Inatosha."

"Habari siyo muziki, baba."

"Yosefina. Wimbo ule nilimzikia mama yako."

Mke wangu alikwenda uani, akarudi na lile tarumbeta amelipangusa kwa kanga yake, akamkabidhi baba yake kwa mikono miwili. Hilario alikuwa amesimama nyuma yake. Alimtazama Yosefina, akamtazama Matano, kisha akaenda kuchukua kijifurushi chake cha nguo na kupanda nyuma ya lori. Hakuna aliyemwita. Alilifuata tarumbeta tu, kama ndama anavyomfuata ng'ombe aliyeuzwa. Kule Maneromango walimsimamisha mbele ya usharika akatubu, na wakamrudisha kwenye kazi yake ya kufundisha vijana kupiga.

Mchanyato ukaishia hapo. Biubwa aliolewa Rufiji. Matano aliendelea na mdundiko wake, na alikuja kwetu kunywa chai, ila ngoma aliiacha nyumbani. Yosefina hakuacha kuwaita wapita njia. Alimpata kipofu mmoja aliyepiga zeze na kuimba kama mnadi wa mnada. Alipata vijana wa Mlandizi waliotengeneza gitaa kwa debe. Aliwasikiliza, aliwashukuru, na walipoondoka alirudi jikoni. Wakati mwingine akikanda unga wa maandazi nilimsikia akiguna ule mwendo, ngumi zake zikipiga unga palepale ilipokuwa ikipiga ngoma ya Matano. Nilitoka nje nisimwaibishe.

Kwao hakwenda. Baba yake hakuja. Salamu zilipita kwa madereva: mzee anaendelea vizuri, Mama Paskalia anaendelea vizuri. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mzee naye akahamishwa, akajenga upya karibu na kanisa. Ushirika ukavunjwa, gereji yetu ikabadilishwa jina. Paskalia alimaliza shule ya msingi. Ndipo dereva mmoja akaja na salamu ambazo hazikuwa kama zile nyingine: Mzee Lucian anasema Pasaka hii Yosefina aje nyumbani.

Tulikwenda. Barabara ilitutikisa mpaka meno yakaomba radhi. Mzee alikuwa amezeeka, amekuwa mdogo ndani ya koti lilelile, na walisalimiana yeye na binti yake kama watu walioonana wiki iliyopita. Wazaramo wana heshima zao.

Walutheri wa kule Jumapili ya Pasaka huanzia makaburini, alfajiri, kabla jua halijatoka. Watu wanasimama katikati ya makaburi ya ndugu zao, matarumbeta yanapiga, kisha wote wanaandamana kwenda kanisani. Tulisimama karibu na kaburi la mama yake Yosefina. Hilario alikuwepo, ana mvi za kwanza, amezungukwa na vijana ambao mimi sikuwajua, wenye matarumbeta manne na ngoma moja, maana siku hizo ngoma ilikuwa imekwisha kuruhusiwa kanisani. Walipiga kwa adabu, polepole, kama inavyopasa makaburini. Halafu wakageuka kuanza kwenda.

Yosefina alinishika mkono, akaubana mpaka ukauma.

"Baba Paskalia, unasikia?"

Nilisikia. Mimi nisiye na sikio nilisikia. Wimbo haukuwa ule wa zamani, ulikuwa wa Pasaka, lakini chini yake kulikuwa na mdundiko wa Misugusugu, mzima, haukupunguzwa hata kidogo. Na juu, tarumbeta moja lilikuwa limeacha njia ya kitabu na linavuta sauti, linaipitisha puani, kama Biubwa. Vijana wale hawakupata kumwona Biubwa. Wengine walikuwa wananyonya wakati ule. Akinamama walikuwa wanatembea na mabega yanacheza, watoto wanaruka, na mbele kabisa ya msafara, fimbo mkononi, alikuwa Mzee Lucian, miguu yake inafuata kama ya Mzaramo yeyote aliyeacha chungu jikoni.

Baada ya ibada alitujia barazani kwake, jasho linamtoka, amefurahi.

"Umewasikia vijana wangu, Yosefina? Mwendo ule ni wa hapa hapa kwetu. Tumeuanzisha sisi wenyewe. Watu wa Kisarawe mjini wanakuja kuuiga."

Mimi hasira ilinipanda kichwani. Mkwe au si mkwe, nina utani na kabila zima, nikafungua mdomo. Yosefina akanikanyaga mguu, na hakunikanyaga kwa mapenzi.

"Nimesikia, baba," akasema. "Wanapiga vizuri sana."

"Kaeni basi. Mwanangu ale."

Akaletewa wali na kuku, akala kwa mkono wa baba yake, na mzee akamwongezea mnofu mara mbili. Aliniongezea na mimi. Nilikula, lakini nilikuwa bado nimevimba.

Tulipokwisha panda lori la kurudi, Hilario alikuja mbio, akasimama chini karibu na tairi, hakuweza kumtazama usoni. "Dada," akasema, "kila mwaka nataka kuwaambia wameutoa wapi. Leo nilitaka kusema mbele ya wote."

"Usiseme."

"Lakini dada, ni haki yako."

"Hilario, wakijua umetoka kwenye ngoma ya mwali, Jumapili ijayo watauacha. Wewe wafundishe tu. Na wale wadogo pia."

Lori likaondoka. Nilingoja tufike mbali, kisha nikamwambia kwamba hilo si jambo la haki, kwamba yeye ndiye aliyewakutanisha, na sasa mzee anatembea na fimbo anajisifu kwa kazi yake. Yosefina alikuwa amegeuka upande wa mashamba ya mikorosho, na nilipomtazama vizuri nikaona analia, midomo imekazwa, machozi yanashuka mpaka shingoni. Alilia kutoka Maneromango mpaka Msanga. Sikujua ni furaha au ni uchungu, na sikumwuliza, kwa sababu nadhani hata yeye asingeweza kuvitenga.

Tulipopita Msanga alijifuta kwa ncha ya kanga, akaniegemea begani, akaniambia nimshike vizuri, barabara ni mbovu.